Nyoka Wala-Tandu: Kwa Wanaoanza Kazi ya Porini

Nyoka wala-tandu, wa jenasi ya Aparallactus, utawatafuta bure juu ya miti. Wapo chini: kwenye vichuguu vilivyohamwa na mchwa, chini ya magogo yaliyooza, mawe na majani makavu, toka savana mpaka msituni. Penye tandu wengi ndipo pa kuanzia, kwa kuwa ndicho chakula cha wengi wao. Humtafuna tandu pole pole kwa meno ya sumu yaliyo chini ya jicho, mpaka alegee, kisha humeza kuanzia kichwani. Wengi hawafiki nusu mita, na kwa binadamu sumu yao ni hafifu.

Balaa ni anayefanana nao. Atractaspis, nyoka wa jenasi nyingine, naye ni mwembamba, mweusi wa kung'aa, na hukaa mashimo yaleyale. Ukimshika nyuma ya kichwa, hutoa jino kwa pembeni, kinywa karibu kimefumba, akakuchoma kidole kilekile ulichomshikia. Maumivu ni makali, uvimbe unafuata, na nyama inaweza kuoza. Kwa hiyo nyoka yeyote mdogo mweusi hashikwi kwa mkono, hata kama mwenzako anaapa kwamba anamjua.

Msukume kwa fimbo aingie kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, funika, kisha piga picha pande zote. Hesabu safu za magamba katikati ya mwili kwa mshazari: Aparallactus ana 15, Atractaspis ana 17 au zaidi, na Elapsoidea, ambaye ni wa jamii ya swila, ana 13. Wageni wengi hupata 16 kwa sababu wamejumlisha na gamba pana la tumbo. Hilo halihesabiwi.

Gogo livute kuelekea kwako, ili likukinge wewe na nyoka akimbilie upande wa pili. Ukimaliza lirudishe lilivyokuwa. Unyevu ukipotea, tandu watahama.

Kwa mtego wa ndoo, ndoo ya lita 20 inatosha. Ukingo wake uwe sawa na ardhi, na uzio wa plastiki unaomwelekeza nyoka kwenye ndoo ufukiwe chini kidogo, la sivyo nyoka atapenya chini yake. Toboa matundu ya kutolea maji, weka majani na kipande cha gome, na ukague kabla jua halijapanda. Usichelewe: tandu mkubwa aliyetumbukia usiku huohuo anaweza kumla nyoka mwenyewe.