Namba za kontena ni zile zile lakini diff inasema zote tofauti

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko ofisi ya kliaring hapa Mombasa, kila asubuhi naletewa faili ya namba za kontena nailinganisha na ya jana nione zipi zimeingia zipi zimetoka. Nilikuwa napitisha kwa macho mpaka kijana mmoja akanionyesha diff, amri ya kulinganisha faili, kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, sasa kila nikiitumia yaniambia mistari yote ni tofauti kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho na mimi naona namba ni zile zile kabisa. Shida iko wapi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Kaka, hapo nashuku faili moja imetoka kwa kompyuta ya Windows. Windows ikimaliza mstari huweka alama mbili zisizoonekana, Linux kama hiyo Ubuntu yako huweka moja tu, na diff hulinganisha mstari mzima pamoja na hizo alama. Andika file jana.txt leo.txt, ukiona CRLF (ndilo jina la hizo alama mbili) kwa moja na kwa nyingine hakuna basi ndiyo hiyo, tumia diff --strip-trailing-cr jana.txt leo.txt itatulia.

Lakini kwa kazi yako mimi ningeiacha diff. Ni amri nzuri sana, Douglas McIlroy na wenzake wa maabara ya Bell Labs kule Marekani ndio walioitoa na mfumo wa kompyuta wa Unix mwaka wa 1974 na mpaka leo mafundi wa programu hawawezi kukaa bila hiyo, ila yenyewe hujali mpangilio, yaani kontena ikiwa jana ilikuwa mstari wa 10 na leo iko wa 300 itakwambia imefutwa halafu imeongezwa, na wewe mpangilio haukuhusu, wataka tu kujua iko au haiko. Ya kwako ni amri nyingine, comm. Hiyo lazima faili zipangwe kwanza, kwa hivyo safisha na upange kwa pamoja, matokeo yaingie faili mpya j ya jana na l ya leo:

tr -d ' \r' < jana.txt | sort -u > j
tr -d ' \r' < leo.txt | sort -u > l

Hiyo tr yaondoa ile alama ya Windows na nafasi pia, maana namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7 na kuna watu huandika tarakimu ya mwisho mbali kidogo, kwa kompyuta hiyo ni kontena nyingine. Sasa comm -13 j l yakupa zilizoingia leo peke yake, comm -23 j l yakupa zilizotoka. Ukiandika comm j l bila namba utapata safu tatu, za jana tu, za leo tu, na zilizoko kote.

Na ukiwa na stakabadhi za skani za kulinganisha tumia cmp, yapita baiti kwa baiti, kama ni sawa haisemi kitu, kama si sawa yakutajia baiti ya kwanza iliyotofautiana.

Na tafadhali orodha za wateja usizipandishe kwa zile tovuti za kulinganisha faili, hizi amri zote zafanya kazi hapo hapo kwa laptopu yako hata bando ikiisha.