Mzee aliyeniambia ninyamaze

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Ni kazi gani ya likizo iliyokufundisha jambo ambalo hukufundishwa darasani?" Nimelisoma vidole vikiwa bado na alama za nyuzi za gitaa, maana mafunzo yangu ya vitendo yameisha juzi tu, na jambo nililojifunza bado linanikosesha usingizi.

Nilikuwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni mchungaji, ambaye nilimsaidia katika ibada, mazoezi ya kwaya na ziara za nyumbani kwa waumini ambao uzee au maradhi yamewazuia kufika kanisani. Wa pili ni mtaalamu wa tiba ya muziki hospitalini. Huyo nilimfuata siku 2 kila wiki, nikimbebea ala na kuandika alichoniagiza. Naomba nieleweke: mimi sikuwa tabibu. Hii ni taaluma kamili. Nchini Marekani, ambako Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kuifundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 1944, mwanafunzi hutakiwa kutimiza angalau saa 1,200 za mafunzo ya vitendo. Saa zangu za wodini, nikizijumlisha zote, hazifiki 150.

Wiki ya kwanza kulikuwa na mzee kwenye kitanda cha dirishani, aliyekatwa mguu chini ya goti. Mtaalamu alikuwa bado na mgonjwa mwingine. Nikamwona mzee analitazama gitaa, nikadhani ananisubiri. Nikamsogelea nikaanzisha pambio la shangwe, lile ambalo Jumapili huwainua watu wote vitini. Ubeti wa kwanza haujaisha, akavuta shuka hadi kidevuni na kugeukia ukutani. Nami nikaongeza sauti. Kuliandika hilo kunaniuma, lakini ndivyo nilivyofanya: niliongeza sauti.

"Kijana, nyamaza," akasema bila kugeuka.

Mtaalamu hakunikaripia. Tulipofika kwenye korido aliniuliza swali moja: tangu asubuhi, yule mzee ameulizwa nini? Nikafikiri. Alikuwa ametolewa damu, amesafishwa kidonda, amepimwa joto, kitanda chake kimesukumwa kwenda kupigwa picha na kurudishwa. Kuulizwa, hapana. "Sindano hawezi kuikataa," akaniambia. "Leo nzima, kitu pekee alichoweza kukikataa ni wimbo wako. Rudi ukamshukuru."

Nilirudi nikamshukuru kwa kuniambia ninyamaze. Hakujibu. Nikamuuliza kama kesho naweza kupita kumjulia hali bila gitaa. Akainua vidole viwili juu ya shuka, kisha akavishusha.

Jioni nilimsimulia mchungaji, bila kumtaja mgonjwa. Akafungua Mithali 25:20, panaposemwa kwamba kumwimbia nyimbo mtu mwenye moyo mzito ni kama kuvua nguo siku ya baridi. Nimeimba kwaya tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kusikia aya hiyo ikihubiriwa. Tunachohubiriwa ni Daudi na kinubi chake, jinsi Sauli alivyopata nafuu. Nilipoisoma upya sura ya 16 ya Samweli wa Kwanza niliona tunachokiruka: watumishi walimwendea Sauli wakampa shauri, naye mwenyewe akasema atafutwe mtu ajuaye kupiga vizuri. Mgonjwa aliulizwa akakubali, ndipo kinubi kikaletwa. Na sura ya 18, Daudi akipiga kwa mkono ule ule, Sauli anamrushia mkuki. Kinubi hakikuwa kimeharibika, wala Daudi hakuwa amepungukiwa imani. Aliyebadilika ni Sauli.

Hospitalini nililiona jambo hilo hilo likifanywa kazi. Tangu miaka ya 1940, Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili huko Marekani, alifundisha kwamba muziki uanze pale hali ya mgonjwa ilipo, kisha ubadilike polepole pamoja naye. Mwenye hofu, pumzi zikimwenda mbio, usimpelekee wimbo wa bembelezo moja kwa moja. Nilimwona mtaalamu akigonga ubavu wa gitaa kwa mwendo wa pumzi za msichana mmoja aliyesubiri kupelekwa chumba cha upasuaji. Aligonga haraka, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inafaa. Kisha akapunguza kidogo sana, akasubiri, akapunguza tena. Mabega ya yule msichana yalishuka kabla hata noti moja haijapigwa.

Ila nililolishika zaidi ni la bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Neno lililombakia ni "ndiyo". Akitaka alisema ndiyo, akikataa alisema ndiyo, na machozi yakimtoka alisema ndiyo. Mtaalamu alimwomba ruhusa, akangoja atikise kichwa, kisha akaanza utenzi wa zamani kwa sauti ya chini. Bibi akaudaka, akaimba ubeti mzima na maneno yake yote. Binti yake akaruka: "Mama amepona!"

Hakuwa amepona, na ilibidi binti aelezwe kwa upole. Wimbo uliozoeleka tangu ujana unaweza kutoka mzima hata kwa mtu asiyeweza kuomba maji. Kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Kuna njia iliyoandikwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1973, ya kupitisha maneno ya kila siku katika mwimbo: mgonjwa anavumishiwa sentensi fupi kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukigongwa taratibu, silabi kwa silabi. Baadaye msaidizi anajiondoa kidogo kidogo, na uimbaji unaachwa usogee kuelekea usemi wa kawaida.

Hapo Kiswahili kilitufaa sana. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi hatukuhitaji kutunga tuni. Na-TA-ka MA-ji: sauti inapanda kwenye "ta", inashuka, inapanda kwenye "ma", inashuka. Mimi nilipewa mkono wa kushoto niugonge. Tulirudia hivyo wiki 3. Siku zilipita asitoe chochote, na siku nyingine alitoa "ndiyo" yake ile ile, akajiudhi, akafumba macho. Kisha asubuhi moja alisema "nataka," akakwama. Nikaendelea kugonga. Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akaugongesha mwenyewe juu ya blanketi, mara moja, mara mbili: "Maji." Nesi alileta bilauri. Bibi aliyanywa yote, na sidhani kama alikuwa na kiu.

Habari hiyo nilitamani kuisimulia kanisani Jumapili ile. Sikuisimulia mpaka yeye na binti yake waliporidhia, na hata sasa nimeacha kila kinachoweza kumtambulisha. Sisi wa kanisani tuna mazoea ya kutangaza ugonjwa wa mtu ili aombewe. Nia ni njema, lakini ugonjwa ni mali yake, na mtaalamu hakunivumilia hata kidogo katika hilo. Naona alikuwa sahihi.

Mchungaji alikubali tujaribu kitu kwenye ziara za nyumbani: kabla ya wimbo, tuulize. "Mama, tuimbe au tukae tu?" Nyumba ya kwanza tuliyouliza, mama mmoja aliyefiwa alisema, "Tukae." Tukakaa. Wanakwaya 4, vitabu mapajani, hakuna anayejua aangalie wapi. Aliongea kidogo, akanyamaza, akaongea tena. Tukitoka, mwenzetu wa besi akalalamika kwamba tumepoteza safari, hatukuhudumu. Namheshimu sana kaka huyo, lakini sikubaliani naye. Tungeimba, tungetoka pale tumeridhika sisi.

Yule mzee wa dirishani nilipita kumwamkia kila nilipofika wodini. Wiki mbili alijibu salamu basi. Wiki ya tatu alinisimulia kuhusu mguu, jinsi usiku unavyomwasha vidole ambavyo havipo. Gitaa hatukulizungumzia. Siku yangu ya mwisho nililiacha mlangoni kama kawaida, nikaenda kumuaga. Akaniuliza lina nyuzi ngapi.

"Sita, babu."

"Lilete."

Nikampa. Akalilaza kifuani, akaupiga uzi mnene kwa kidole gumba, akasikiliza hadi sauti ikafa, ndipo akaenda kwenye uzi wa pili. Alifika wa nne. Akanirudishia.

"Basi," akasema. "Leo inatosha."