Kumeza dawa za TB ni kitu kimoja, dawa kuingia mwilini ni kingine

Nilianza dozi ya TB nikiwa na kilo 41, vidonge vitatu kila asubuhi, vile vyenye dawa nne ndani. Sikuruka hata siku moja, mdogo wangu alikuwa anakaa pembeni ananiangalia namezaje mpaka nafungua mdomo aone. Miezi miwili ikaisha nikapeleka kohozi, wadudu bado wapo. Mizani nayo ileile, 41.

Sista akaniuliza, "Mama, dawa unameza kweli?" Jamani niliumia. Nikapelekwa kwa daktari, yeye akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: choo unapataje? Ndo nikasema, naharisha wiki ya sita sasa, mara nne mara tano kwa siku. Nilikuwa naona aibu, tunashea choo wapangaji sita na hiyo ndoo ya maji kila mtu anaona nimeibeba mara ngapi.

Akanieleza hivi, maana mimi nina HIV pia. HIV inapiga sana utumbo, maana CD4, zile chembe za kinga ya mwili, nyingi zinaishi huko, sasa zikiisha ukuta wa utumbo unachakaa, wadudu wa kuharisha wanapata nafasi, chakula kinapita tu na dawa inapita nacho. Katika zile dawa nne, rifampisini ndo inayoathirika sana, hata ethambutoli. Haimtokei kila mwenye HIV, ila ukiwa na CD4 za chini na unaharisha, unaweza kumeza dozi kamili lakini kwenye damu ikafika kidogo, na TB ikipigwa kidogo kidogo inaweza kujenga usugu. Mimi walipima usugu, nashukuru Mungu haukuwepo. Wakapima na choo, nikatibiwa kuharisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiharisha au ukitapika sema siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Usijiongezee vidonge mwenyewe, ini litaumia. Mkojo kuwa mwekundu kama soda ya chungwa usikudanganye, mimi wangu ulikuwa hivyo muda wote, ile rangi inaonyesha dawa imeingia lakini haisemi imeingia ya kutosha.

Meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula. Mimi nilikuwa nameza na chai na chapati mbili ili nisisikie kichefuchefu, kumbe chakula kinapunguza rifampisini. Kama huwezi kabisa waambie, watakuruhusu ule kidogo, ni afadhali kuliko kuacha. Na dawa za kiungulia usinunue dukani kimyakimya, nyingine zinazuia dawa ya TB na hata dolutegravir, ile dawa ya HIV.

Halafu hili watu wengi hawalijui, rifampisini inalifanya ini lisage dolutegravir haraka, ndo maana ukiwa kwenye TB unaongezewa kidonge kingine cha miligramu 50, kinakaa masaa 12 mbali na kile cha kawaida, na unaendelea nacho wiki mbili baada ya kumaliza TB. Usipopewa, uliza. Na uzito ukipanda wakumbushe waangalie idadi ya vidonge upya, dozi inaenda na kilo.

Mwezi wa tatu wa dozi nilipanda ile mizani nimeshika ukuta, ikasoma 44. Kohozi nalo likarudi safi.