Usilipe hiyo tani nusu kabla hujavunja kipande

Ndugu, simamisha hilo lori kwanza.

Umesema kuna yadi ya vyuma chakavu hapo Nakuru inakuuzia nusu tani ya "ekseli na vyuma vya magari makubwa" kwa kilo, upate kufua mashoka na visu wikendi na kuuza vichache gharama irudi. Umeuliza bloa gani, makaa gani, mpini wa mti gani, na shoka uuze bei gani. Hujauliza kama hicho chuma kinashika makali. Nimesoma mara mbili kuhakikisha, kisha nikaacha kazi nikuandikie, kwa sababu mimi niliuziwa mzigo kama huo hapa Kisumu na ulinimaliza.

Aliyeniuzia alikuwa na maneno matamu. Alishika chuma kimoja kizito, akakigonga chini kikalia, akasema, "Hiki ni cha trela, mzee, hakiishi." Kweli hakikuisha. Ndani ya ule mzigo mlikuwa na ekseli chache, na zilizobaki zilikuwa nondo nene zilizosuguliwa mistari, vipande vya geti, na vyuma vya duara ambavyo mpaka leo sijui vilitoka kwenye mashine gani. Vyote vina kutu ya rangi moja. Ukiviangalia kwa macho hutatofautisha, na yeye alijua hilo vizuri sana.

Na ubaya wa chuma laini ni kwamba kinakupendeza kwenye moto. Kinanyooka, hakipasuki ukitoboa tundu la mpini, nyundo inakipeleka unapotaka. Nikafua mashoka mazuri, nikayauza kwa wapasua kuni na mafundi wa mbao. La kwanza lilirudi na jamaa wa upande wa Maseno aliyekuwa akipasua mkaratusi. Hakusema neno, alinipa tu. Makali yalikuwa yamelala upande mmoja urefu wa kidole, na niliyarudisha kwa nyundo ndogo yakiwa baridi, bila hata kupasha moto. Shoka la kweli haliwezi kufanyiwa hivyo. Baada yake walianza kuja wengine. Nilirudisha pesa zao zote, na makaa, chuma na misasa vikawa hasara yangu. Waliokuja ndio waliokuwa na huruma. Wengine hawakurudi kabisa, ila kule sokoni Kibuye walishasimulia.

Sababu ni kaboni. Nondo na chuma cha geti kwa kawaida kina kaboni chini ya asilimia 0.3. Ukipashe mpaka kiwe chekundu na ukizamishe kwenye chochote unachotaka, hakitakuwa kigumu vya kutosha kubeba makali. Springi bapa za lori nyingi ni chuma cha aina ya 5160 au ndugu zake, kaboni karibu asilimia 0.6. Hicho ndicho kinashika. Tupa kuukuu zina kaboni zaidi, nzuri kwa visu, ila hakikisha ni chuma kizima maana siku hizi kuna tupa zilizotiwa ugumu kwenye ngozi ya nje tu.

Sasa kuna wa pili wa kulaumiwa, yule fundi wa kwenye video aliyenishauri kwamba shoka likikataa kuwa gumu, nilizamishe likiwa jekundu kwenye maji baridi badala ya mafuta. Kwenye chuma laini ushauri wake haukusaidia kitu. Nikaujaribu kwenye kipande cha springi halisi, nikasikia mlio mdogo, ti! Nikakitoa: ufa mwembamba kutoka kwenye makali hadi katikati ya bapa. Springi ya 5160 inataka mafuta, tena ya vuguvugu. Mtu anayefundisha maelfu ya watu kuzamisha springi kwenye maji bila kuuliza ni chuma gani anawaumiza, na sitanyamaza kuhusu hilo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: hakuna chuma kinachoingia kwangu kabla sijavunja kipande chake. Nakwenda yadi na grainda, au namwambia muuzaji anikatie mwenyewe. Cheche zenyewe zinaanza kusema: chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka, chenye kaboni kinatoa cheche zinazopasuka matawi. Usiishie hapo. Nunua kipande cha upana wa vidole viwili, nenda nacho nyumbani. Kipashe kivulini au jioni, kwa maana jua la mchana linaficha rangi ya moto. Kiguse na sumaku. Karibu na nyuzi 770 itaacha kukishika. Ongeza moto kidogo tu, rangi ipande hatua moja, kisha kizamishe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, mfuniko wa chuma ukiwa karibu yakishika moto. Kikipoa, pitisha tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, una chuma. Ikichimba, una geti.

Halafu kifunge kwenye jiliwa, kifunike kwa gunia, vaa miwani, ukivunje kwa nyundo. Kikipinda tu, mrudishie salamu muuzaji. Kikikatika, angalia pale kilipokatikia: rangi ya kijivu laini, isiyo na chembe, ni sawa. Ukiona chembe zinametameta kama sukari, chuma ni kizuri ila ulikipasha kupita kiasi. Na rudia kwa kila aina ya chuma kwenye mzigo, maana wanachanganya.

Wahunzi wa jamii ya Wasamia, upande wa Busia, zamani walifua majembe kwa chuma walichoyeyusha wenyewe kutoka mawe ya milima yao. Walijua chuma chao kimetoka wapi. Sisi tunaokota cha watu, lazima tukiulize kwanza.

Na dai risiti. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka muuzaji awe na leseni, na mnakumbuka Januari 2022 serikali ilivyosimamisha biashara yote baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa. Ukionyeshwa misumari ya reli, iache. Kwanza mingi kaboni yake ni haba, pili utaelezaje umeitoa wapi?

Bloa, yoyote inayopuliza. Hayo mengine wenzangu watakujibu, mimi sitalala kabla sijajua umefanya nini na huyo wa yadi. Kata kipande kesho, kivunje, uweke hapa picha ya pale kilipokatikia kabla hujatuma hata shilingi moja ya M-Pesa.