Punda wangu anakaribia kuzaa. Nimwage yale maziwa ya njano?

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa mpunga hapa Mwea. Mwaka juzi punda wangu alizaa salama. Jirani akaniambia nikamue yale maziwa mazito ya njano niyamwage, eti yanaharisha, na jamaa mmoja wa dawa akamdunga mtoto sindano ya kuzuia magonjwa. Siku ya tano goti likavimba, siku ya nane akafa. Sasa jike amejaza kiwele tena. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana. Maziwa hayo, yaani dang'a, hayakuwa mabovu, na inaniuma kwamba bado naitwa kwenye maboma ambako yamemwagwa mchangani. Mtoto wa binadamu huzaliwa na kinga aliyopewa na mama tumboni. Wa punda huzaliwa mikono mitupu, kwa sababu kondo la punda halipitishi kinga. Yote imo kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea vizuri kwa saa 12 hivi za kwanza. Zikitimia 24, hata ukimnywesha ndoo nzima, yatakuwa chakula tu.

Sindano haiwezi kushika nafasi hiyo. Antibiotiki hupambana na bakteria kwa muda mfupi, kisha huisha mwilini. Haimjengei mtoto kinga. Kwa ulivyoeleza, nadhani vijidudu viliingia kwa kitovu, vikasafiri na damu hadi gotini, wala hapakuwa na askari wa kuvizuia. Jamaa wa dawa alichukua pesa yako akakuacha ukidhani umemkinga.

Safari hii kiwele usikiguse. Azalie pakavu, penye nyasi safi, mbali na mbwa. Mtoto asimame ndani ya saa 2 na awe ameanza kunyonya ndani ya saa 3. Akichelewa, piga simu usiku huo huo, usingoje kukuche. Kitovu kichovye kwenye iodini iliyozimuliwa. Usipake jivu, samadi wala oili chafu ya gari! Samadi hubeba vijidudu vya pepopunda, na punda hufa upesi kwa ugonjwa huo. Hata jina lake limembeba. Chanjo anayopewa mama wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa humfikia mtoto kupitia dang'a hiyo hiyo, kwa hiyo muulize daktari wa karibu leo kama muda bado upo. Kondo la nyuma likikawia zaidi ya saa 3, usilivute, niite mimi au mwenzangu.

Na hao wachoma sindano wanaopima uzito kwa jicho: mtu akija na begi la dawa, mwombe kwanza nambari ya usajili wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aliyesajiliwa hakasiriki akiulizwa. Watarudi mtoto akiwa na siku 7 hadi 14, kwani wengi huharisha kidogo wakati huo, mama anapoingia joto tena. Anayenyonya, anayerukaruka na asiye na homa hupona bila sindano. Msafishe matako, umpake mafuta ya mgando asichubuke. Akizubaa, akiacha kunyonya, au kiungo chochote kikivimba na kuwa cha moto, daktari aliyesomea aitwe siku hiyo hiyo.