Kwa mnaoanza kuchora ghorofa lenye karakana chini na wapangaji juu

Wadogo zangu mliomaliza chuo mkaanza kuchora hapa Dodoma, fremu chini na apatimenti juu mtazichora hata usingizini. Kazi ipo kwa yule mteja anayekuja anasema chini nataka kukamua alizeti, ghorofa ya kwanza mafundi cherehani, juu wapangaji na familia yangu. Huyo msimkatae, alizeti ya Singida na Kondoa ipo hapa jirani na watu wa kununua mafuta wapo mjini, ila msianze na muonekano wa mbele. Anzeni na mzigo.

Yaani gunia linashushwa wapi, linalala wapi, linaingia mashine gani, mafuta yanatokea mlango gani na mashudu yanaenda wapi. Mashudu ndo yanasahauliwa kila siku, ukiuliza unaambiwa wafugaji watakuja kuchukua, sawa, na siku ambazo hawajaja yanakaa wapi? Kwenye korido ya wapangaji? Chora hiyo njia kwa penseli kwanza, hakikisha Fuso inageuka ndani ya kiwanja bila kurudi rivasi barabarani, halafu ngazi ya wapangaji weka upande mwingine kabisa, mtoto anayetoka shule asipishane na mtu kabeba gunia kwenye sakafu yenye mafuta.

Uzito sasa, hapa ndo pana kesi. Sakafu ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba, karakana nyepesi ni kama 500. Mwingine atakuja na wazo la mvinyo, si zabibu za Hombolo zipo, basi tangi la lita 5,000 likijaa limeshapita tani 5, likikalia mita mbili za mraba ni tani mbili na nusu kwa kila mita. Hilo linakaa chini ardhini, halipandi ghorofani hata mteja akununie. Ndo maana injinia usimpelekee mchoro ulioandikwa "karakana" tu, mpe orodha ya mashine, kilo zake, ipi inatetemeka na ipi inataka umeme wa fezi tatu. Mtetemo unapanda na nguzo mpaka kitandani kwa mtu ghorofa ya nne, hivyo mashine ya kukamua ipate msingi wake peke yake usiogusana na nguzo, na mpira chini ya miguu yake.

Mkiperuzi mtakutana na Lingotto ya Fiat kule Turin, ya miaka ya 1920, ghorofa tano, malighafi inaingia chini na gari linatokea juu ya paa ambako kuna barabara ya kulijaribia. Tamu kuangalia, ila mwenye mali alikuwa mmoja, bidhaa moja, na wapangaji hakuna. Mimi nawashauri mkasome magorofa ya viwanda vidogo ya Hong Kong na Singapore, kila mtu ana chumba chake, sehemu ya kupakia na lifti ya mizigo ni za wote, hiyo inafanana zaidi na mafundi wetu.

Upepo wa hapa mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo moshi na harufu vitolewe magharibi, na kabla ya hapo angalia jirani wa magharibi ni nani.

Bustani juu ya paa mtaombwa tu, siku hizi kila mtu kaiona kwenye simu. Udongo mbichi wa sentimita 30 unakaribia nusu tani kwa mita, na jua la Oktoba hapa mnalijua, mchicha utakunywa maji kuliko wapangaji. Paa hilo mimi nalitaka kwa mvua: mita za mraba 400 zikipata milimita 550 kwa mwaka ni lita 220,000 kabla ya upotevu, zinaoshea sakafu ya kiwanda. Ila karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo tangi la chini litengewe nafasi mapema, sio mpaka msingi umeshamwagwa.

Halafu kama mteja anataka kuuza vipande, sheria ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake. Muulize mapema lifti ya mizigo ikifa nani analipa, fundi cherehani peke yake au na mama wa ghorofa ya nne anayepandishia friji, na waandikishane kabla mchoro haujaenda jiji kuombewa kibali.