Alama za hatari kwenye ghala la pembejeo: picha peke yake haitoshi

Mkuu, nimesoma swali lako. Una ghala la chama cha msingi huko Newala, ndani kuna salfa ya unga, dawa za maji za mikorosho, makopo ya vidonge vya kufukizia wadudu wa ghalani, ndoo ya klorini ya unga na dumu la petroli la mashine za kupulizia. Unataka kujua alama zilizobandikwa zina maana gani na kipi kikae mbali na kipi.

Ule mraba uliosimama kwa ncha, ukingo mwekundu, ndani mweupe na mchoro mweusi, umewekwa kwa ajili yako unayeshika mzigo. Michoro yake iko tisa. Mchoro unakutajia aina ya hatari tu, ukali wake unausoma kwenye neno la pembeni: DANGER ni hatari kubwa, WARNING ni ya chini yake. Halafu zinafuata sentensi fupi, mara nyingi zikiwa na herufi H na tarakimu tatu. Zinazoanza na 2 ni za moto, mlipuko na mengine ya namna hiyo, 3 ni za afya ya mtu, 4 ni za mazingira. Watu wengi huishia kwenye picha, na hapo ndipo wanapoumia. Chukua fuvu: H300 ni kwamba inaua ukimeza, H310 inaua ikigusa ngozi, H330 inaua ukivuta hewa yake. Fuvu ni lilelile, lakini glavu zinazokukinga na ya pili hazikusaidii chochote kwa ya tatu.

Kwa mikoa yetu ya kusini nianze na salfa, maana ndiyo inayojaa maghalani kuanzia Masasi hadi Nachingwea. Mfuko wake mara nyingi una alama ya mshangao tu, pamoja na H315, yaani inawasha ngozi. Mtu akiona hivyo anaituliza akili. Ukweli ni kwamba mfumo huu wa alama za ukingo mwekundu hauna mchoro wowote wa vumbi linalowaka, na vumbi la salfa likitanda hewani linalipuka kwa cheche ndogo. Ikiungua, mwali wake ni wa buluu hafifu, mchana ni vigumu kuuona, na moshi wake unakaba pumzi. Kwa hiyo usifagie salfa kavu kwa nguvu mlango ukiwa umefungwa, usichomelee chuma humo ndani, na mashine ijazwe mafuta nje, injini ikiwa imepoa. Moto ukianza, nyunyizia maji laini kama manyunyu. Ukipiga maji kwa kasi unainua vumbi, na hilo vumbi ndilo litakalolipuka.

Petroli wote wanajua inawaka. Wasichoangalia ni mchoro wa mtu mwenye kama nyota kifuani. Mojawapo ya sababu zake ni H304: ikimezwa na kupita njia ya hewa inaweza kuua. Ule mtindo wa kunyonya petroli kwa mpira mdomoni uache kabisa, tumia pampu ya mkono. Dawa nyingi za maji zilizotengenezwa kwa mafuta zina H304 hiyohiyo, kwa hiyo aliyekunywa asitapishwe. Mwahishe hospitali pamoja na lebo.

Klorini ya unga ina mwali unaowaka juu ya duara. Watu wanaufananisha na mwali wa kawaida, lakini maana yake ni kwamba kitu hicho kinalisha moto oksijeni. Isikae chumba kimoja na salfa wala petroli, na isikutane na tindikali ya betri, kwa sababu gesi itakayotoka inaunguza mapafu. Chumba chake kiwe kikavu na chenye hewa.

Vidonge vya kufukizia ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Tafuta H260 kwenye kopo: vikigusana na maji vinatoa gesi inayowaka. Gesi hiyo ni fosfini, na ni sumu inayoua. Unyevu wa hewa tu unatosha kuvianzisha. Kuanzia Desemba mvua zikishika, paa linalovuja juu ya makopo hayo ni hatari ya kweli. Yaweke kwenye kabati la kufuli, juu ya sakafu, jengo ambalo mtu halali humo wala chumba cha jirani. Kwa moto wake tayarisha mchanga mkavu, maji hapana. Usingoje harufu ya kitunguu saumu ikuonye, kwani unaweza kudhurika bila kuisikia. Kufungua makopo waachie wafukizaji wenye leseni.

Kwenye lori linalotoka bandari ya Mtwara utaona mraba wa ncha uliojazwa rangi, na namba ya daraja kwenye ncha ya chini. Huo ni wa usafirishaji. Mistari myeupe na myekundu iliyosimama, namba 4, ni yabisi inayowaka. Buluu yenye mwali inasema maji ni adui, na vidonge vile vya kufukizia mara nyingi vinasafiri nayo.

Ukanda wa rangi chini ya lebo ya kiuatilifu ni kipimo kingine: nyekundu ni sumu kali zaidi, halafu njano, buluu, kijani. Ukanda huo unapima hasa sumu ya kumeza na ya kupitia ngozi, kwa hiyo dawa ya ukanda wa kijani bado inaweza kuumiza macho au kuua samaki.

Mwuzaji akupe karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa. Ina sehemu 16. Soma ya 4 kwa huduma ya kwanza, ya 7 kwa uhifadhi na ya 10 kwa visivyopatana.

Lebo zinazofutika zifunike kwa selotepu pana mapema. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa kumpimia mwanachama kidogo. Na kopo ambalo halisomeki kabisa usilinuse wala kulifungua. Litenge, liandike HAIJULIKANI kwa kalamu ya wino mzito, kisha uwaulize Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu namna ya kuliondoa.